Mwalimu Nyerere na safari ya Chuo Kikuu, kutoka Lumumba hadi Mlimani

OKTOBA 25, 1961, zikiwa zimesalia siku 45 tu kabla bendera ya Uingereza haijateremshwa, Waziri Mkuu wa Tanganyika, Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, alifungua chuo kikuu katika nyumba ya kuazima. Nyumba hiyo ilikuwa mali ya chama cha TANU, katika mtaa ambao leo unajulikana kwa jina la Lumumba, jijini Dar es Salaam. Chuo kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha sheria, na wanafunzi wake hawakuzidi 14.

Hapakuwa na mabweni ya fahari wala kumbi za mihadhara. Nje ya madirisha zilisikika kelele za wachuuzi wa Kariakoo na Mnazi Mmoja. Hata hivyo, kutokana na mbegu hiyo ndogo kimechipuka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho nacho kimezaa vyuo vikuu vingine vya umma na kutoa marais, majaji, madaktari, wahandisi na walimu kwa Tanzania na kwa majirani zake.

Jina la Nyerere limefungamana na historia hiyo kwa namna mbili. Yeye ndiye aliyeshika taa wakati chuo kinazaliwa, na yeye pia ndiye aliyewarudisha makwao mamia ya wanafunzi wake walipokwenda kinyume na kile alichoamini kuwa ni wajibu wa msomi. Kuisimulia safari ya chuo hicho ni kuyasimulia maisha ya mtu huyo, mafanikio yake pamoja na ukali wake.

Kutoka Butiama hadi Edinburgh

Nyerere alizaliwa Butiama, katika Mkoa wa Mara wa leo, Aprili 13, 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa mtemi wa Wazanaki, na mama yake ni Mgaya Nyang'ombe. Mwaka huo huo wa 1922, ng'ambo ya pili ya Ziwa Viktoria, katika kilima cha Makerere nchini Uganda, serikali ya kikoloni ilifungua shule ya ufundi iliyoanza na vijana 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Shule hiyo ndiyo iliyokua na kuwa Chuo Kikuu cha Makerere, na ndiyo iliyokuja kumlea kijana wa Butiama.

Kambarage hakuanza shule mapema. Alikwenda Shule ya Msingi Mwisenge, mjini Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Kutoka hapo alichaguliwa kwenda Shule ya Serikali ya Tabora, mahali ambapo Waingereza waliwakusanya watoto wa machifu na vijana wachache wenye vipaji ili kuwaandaa kuwa watumishi wa utawala wao. Baba yake alifariki dunia mwaka 1942. Mwaka uliofuata alibatizwa katika Kanisa Katoliki kwa jina la Julius, na mwaka huo huo wa 1943 akaingia Makerere kusomea ualimu.

Katika miaka hiyo kijana wa Tanganyika aliyetaka elimu ya juu hakuwa na mlango mwingine wa karibu. Nchi nzima, kubwa kuliko Kenya na Uganda zikiunganishwa, haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyebahatika alikwenda Makerere, na aliyebahatika zaidi alivuka bahari. Nyerere alibahatika mara zote mbili. Baada ya kumaliza Makerere mwaka 1945 na kufundisha katika shule ya misheni ya Mtakatifu Maria, Tabora, alikwenda Uskochi mwaka 1949 kusoma katika Chuo Kikuu cha Edinburgh. Alirejea nyumbani mwaka 1952 akiwa na shahada.

Idadi ya Watanganyika waliokuwa na shahada wakati huo ilikuwa ndogo mno. Kisomo hicho kingeweza kumtenga na watu wake, lakini alikwenda kufundisha katika Chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu, nje kidogo ya Dar es Salaam, na akamwoa Maria Waningu Gabriel Januari 1953. Mwaka huo alichaguliwa kuwa rais wa chama cha TAA, na Julai 7, 1954, chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU. Machi 1955, baada ya kuhutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York, alilazimika kuchagua kati ya siasa na ualimu. Aliacha kazi, akabaki na jina la Mwalimu, ambalo hakulivua hadi kifo.

Madaktari 12, wahandisi wawili

Uhuru ulipokaribia, viongozi wa TANU walikabiliwa na hesabu iliyotisha. Nyerere mwenyewe alipenda kukumbusha, hata uzeeni, kwamba Waingereza waliiacha Tanganyika ikiwa na madaktari 12 na wahandisi wawili tu, na kwamba sehemu kubwa mno ya watu wazima hawakujua kusoma wala kuandika. Kwa hali hiyo, nchi ingekuwa na bendera yake na wimbo wake, lakini ofisi, hospitali na mahakama zake zingeendelea kuongozwa na wageni.

Ndipo ulipofanyika uamuzi ambao wataalamu wengi wa wakati huo waliuona kuwa wa haraka mno. Badala ya kusubiri majengo, chuo kianze mara moja. TANU ilitoa jengo lake. Chuo kilifunguliwa kwa uhusiano maalumu na Chuo Kikuu cha London, ambacho ndicho kilichotoa mitihani na shahada.

Kitivo cha sheria hakikuchaguliwa kwa kubahatisha. Makerere tayari ilifundisha udaktari na kilimo, na chuo cha Nairobi kilikuwa na uhandisi, lakini hapakuwa na chuo kilichofundisha shahada ya sheria katika Afrika Mashariki. Wakoloni hawakuwa na haraka ya kuwaandaa wanasheria Waafrika, kwani mwanasheria ni mtu wa kuhoji amri. Kwa nchi changa iliyotaka kujitungia sheria zake na kuwa na mahakimu wake, pengo hilo lilipaswa kuzibwa kwanza.

Wanafunzi wa mwanzo walitoka katika nchi mbalimbali za Afrika Mashariki. Miongoni mwao alikuwamo mwanamke mmoja, Julie Manning, ambaye miaka ya 1970 alikuja kuwa Waziri wa Sheria wa Tanzania. Mkuu wa kwanza wa chuo alikuwa Cranford Pratt, msomi kutoka Canada. Mtanzania wa kwanza kushika wadhifa huo, Wilbert Chagula, aliupokea mwaka 1965.

Juni 1963, vyuo vya Makerere, Nairobi na Dar es Salaam viliunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na Nyerere akawa Mkuu wake. Palikuwa na matumaini kwamba nchi hizi tatu zingeungana kisiasa, na chuo kimoja kilionekana kuwa nguzo mojawapo ya nyumba hiyo ya pamoja. Nyumba haikujengwa, lakini kwa miaka saba nguzo ilisimama.

Kilima cha mihogo na mikorosho

Mwaka 1964 chuo kilihama Lumumba. Kilikwenda umbali wa kilometa 13 hivi magharibi ya katikati ya jiji, juu ya kilima kilichotazama mashamba na vichaka. Watu wa Dar es Salaam wakakiita Mlimani, na jina hilo limeganda hadi leo, ingawa jiji limekwishakimeza kilima hicho kwa maduka, barabara na vituo vya daladala.

Ujenzi uliendelea kwa kasi kwa fedha za serikali na za wahisani wa nje. Mwaka 1964 kilianzishwa kitivo cha sanaa na sayansi ya jamii, na mwaka 1965 kikafuata cha sayansi. Utabibu uliingia mwaka 1968 kwa kuigeuza shule ya madaktari iliyokuwa Muhimbili kuwa kitivo. Kilimo kilianza Morogoro mwaka 1969. Uhandisi ulifuata mwaka 1973 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, na mwishoni mwa muongo huo kikaja kitivo cha biashara na uongozi.

Kiswahili nacho kilipata makao. Kamati ya lugha iliyoanzishwa na wakoloni mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili ilihamishiwa chuoni mwaka 1964 na kuwa taasisi ya uchunguzi wa lugha, ambayo baadaye ilijulikana kwa kifupi cha TUKI. Taasisi hiyo ndiyo iliyotoa Kamusi ya Kiswahili Sanifu mwaka 1981. Nyerere alikuwa mfano wa kazi hiyo kwa kalamu yake mwenyewe. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi, ilichapishwa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar, na mwaka 1969 ikatoka Mabepari wa Venisi.

Lakini pamoja na majengo meupe na bustani zilizotunzwa, lilizuka swali ambalo halikuwahi kumpa Mwalimu usingizi mwema. Nani analipa gharama hizi, na anayelipiwa anadaiwa nini? Mkulima wa pamba wa Shinyanga na wa kahawa wa Kilimanjaro ndio waliotoa kodi iliyomlisha na kumlaza mwanafunzi wa Mlimani, ilhali watoto wengi wa wakulima hao hawakupata hata darasa la kwanza. Nyerere alizoea kulieleza jambo hilo kwa mfano wa kijiji chenye njaa, kinachokusanya chakula chake chote cha akiba na kumpa kijana mmoja, ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Kijana huyo akishiba na asirudi, alisema, huyo ni msaliti.

Jumamosi ya Oktoba 22, 1966

Mfano huo ulipata jaribio lake siku tatu kabla chuo hakijatimiza miaka mitano.

Serikali ilikuwa imetangaza kwamba wahitimu wa kidato cha sita na wa vyuo wangelazimika kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili. Miezi mitano ya kwanza wangekaa kambini, na muda uliosalia wangefanya kazi zao za kawaida kwa kulipwa asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi hawakukubali. Hoja yao ilikuwa kwamba mawaziri na maofisa waandamizi walikuwa wakilipwa mishahara mikubwa na kuendesha magari ya kifahari, huku vijana wakitakiwa kujinyima peke yao.

Oktoba 22, 1966, wanafunzi wa chuo kikuu pamoja na wenzao wa vyuo vingine vya jiji waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao mekundu. Baadhi ya mabango waliyobeba yalidai kwamba afadhali ukoloni. Mwalimu aliwapokea uwanjani, akawasikiliza, na risala yao ikasomwa mbele yake na mbele ya mawaziri wake.

Kisha akajibu kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Alikubaliana na wanafunzi katika jambo moja, kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno. Papo hapo alitangaza kupunguza mshahara wake kwa asilimia 20, na wakubwa wengine serikalini nao wakapunguziwa. Lakini hakuwasamehe vijana. Karibu wanafunzi 400 walifukuzwa na kusafirishwa chini ya ulinzi hadi vijijini kwao. Mlimani ilipoteza kwa siku moja sehemu kubwa ya Watanzania waliokuwa wakisoma pale. Wengi wao walirudishwa mwaka uliofuata.

Tukio hilo linasimuliwa kwa namna mbili hadi leo. Wapo wanaoliona kuwa ushahidi wa kiongozi aliyekataa kuliruhusu taifa lizae tabaka la mabwana wapya. Wapo pia wanaoliona kuwa siku ambayo serikali iliwafundisha wasomi kuogopa kusema. Pande zote mbili zina ukweli wake. Lisilobishaniwa ni kwamba miezi mitatu na nusu baadaye, Februari 5, 1967, lilitangazwa Azimio la Arusha, lililowazuia viongozi kumiliki nyumba za kupangisha, hisa za makampuni na mishahara miwili. Hoja ya wanafunzi kuhusu ukubwa wa wakubwa ilikuwa imepata jibu, ingawa wao wenyewe hawakuwapo Mlimani kulipokea.

Mlima wa mijadala

Machi 1967 Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na mwezi huo huo wasomi wakakutana chuoni kujadili nafasi ya chuo katika nchi ya kijamaa. Kilichofuata hakuna aliyekitarajia. Chuo kilichoshutumiwa mwaka 1966 kwa kulea vijana wapenda anasa, katika muda mfupi kiligeuka kuwa kitovu cha fikra za kimapinduzi barani Afrika.

Mwanahistoria Walter Rodney kutoka Guyana alifika mwaka 1966, akaondoka na kurudi mwaka 1969, na kufundisha hadi mwaka 1974. Kitabu chake kuhusu jinsi Ulaya ilivyodumaza maendeleo ya Afrika, kilichotoka mwaka 1972 kwa ushirikiano wa Tanzania Publishing House, kimezaliwa katika mazingira ya mijadala hiyo. Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Yoweri Museveni, aliyeongoza jumuiya ya wanafunzi wanamapinduzi na kuhitimu mwaka 1970. Alikuwamo Issa Shivji, ambaye akiwa bado kijana aliandika kwamba hata baada ya Azimio la Arusha palikuwa na mapambano ya kitabaka yaliyokuwa yakiendelea kimyakimya. Alikuwamo pia Willy Mutunga wa Kenya, ambaye miaka mingi baadaye, mwaka 2011, aliapishwa kuwa Jaji Mkuu wa nchi yake.

Mwalimu alifurahia mijadala, na mara kadhaa alipanda Mlimani kubishana na wanafunzi ana kwa ana. Lakini uvumilivu wa serikali ulikuwa na mpaka. Mwaka 1970 jumuiya ya wanamapinduzi ilipigwa marufuku pamoja na jarida lake la Cheche, kwa hoja kwamba nchi ilikuwa na itikadi yake na haikuhitaji kuazima majina ya mapinduzi ya Urusi. Wanafunzi hawakunyamaza. Walianzisha jarida jingine, wakaliita MajiMaji, jina ambalo hakuna kiongozi wa Tanzania aliyethubutu kuliita la kigeni.

Julai 1, 1970, Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilivunjwa na kila nchi ikabaki na chake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikazaliwa rasmi, Nyerere akiwa Mkuu wa Chuo. Makamu wake wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, aliyetoka katika uongozi wa TANU. Uteuzi huo uliwaudhi baadhi ya wanataaluma, walioona kwamba chama kilikuwa kimehamia Mlimani kama vile chuo kilivyoanzia katika nyumba ya chama. Julai 1971 rais wa wanafunzi, Symonds Akivaga, Mkenya, aliyekuwa ameukosoa utawala wa chuo, alichukuliwa na askari wa Kikosi cha Kutuliza Ghasia na kurudishwa kwao Kenya. Wanafunzi waligoma kwa kuungana, na wahadhiri wengi wakalaani kitendo hicho.

Azimio la Musoma na gharama zake

Novemba 1974, TANU ilikutana Musoma, mji ambao Kambarage alianza kusoma miaka 40 nyuma. Azimio lililotoka hapo lilikuwa na sehemu mbili zilizotokana na fikra moja. Kwanza, kila mtoto wa Tanzania aingie shule ya msingi haraka iwezekanavyo. Pili, mlango wa chuo kikuu ufungwe kwa vijana waliotoka moja kwa moja shuleni. Anayetaka kwenda Mlimani aende kwanza Jeshi la Kujenga Taifa, afanye kazi angalau miaka miwili, kisha athibitishwe na mwajiri wake na tawi la chama.

Sehemu ya kwanza iliwapeleka shuleni mamilioni ya watoto, japokuwa kwa walimu wa haraka na madarasa yaliyobanana. Sehemu ya pili ilileta watu wazima waliokomaa katika kumbi za mihadhara, lakini iliwaumiza wasichana. Wengi wao walipofika kazini waliolewa na kuanza kulea, na njia ya chuo ikafungika. Idadi ya wanawake ilishuka, na serikali ikalazimika baadaye kuwaondolea sharti hilo. Lilikuwa somo chungu, kwamba sheria inayowatendea watu wote sawasawa inaweza kuzaa matokeo yasiyo sawa.

Miaka hiyo pia ilikuwa na fahari yake. Juni 1974 wajumbe kutoka Afrika, Karibi na Marekani walikusanyika katika Ukumbi wa Nkrumah kwa Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika. Ulikuwa wa kwanza wa mfululizo huo kufanyika katika ardhi ya Afrika. Ukumbi huo wenye paa la mikunjo ulikuja kuchapishwa katika noti ya shilingi 500, ukawa mfukoni mwa watu ambao hawakuwahi kukanyaga Mlimani.

Machi 1978 historia ilijirudia kwa sura ya ajabu. Wanafunzi waliandamana kupinga nyongeza ya marupurupu ya wabunge na viongozi, wakijenga hoja zao juu ya Azimio la Arusha lenyewe. Safari hii ni wao waliokuwa wakimkumbusha Mwalimu mafundisho yake. Mamia walifukuzwa, kisha wakarudishwa baadaye. Mzazi alikuwa ameadhibu watoto kwa kuukariri wosia wake.

Matawi ya mti mmoja

Wakati huo huo mti ulikuwa ukitoa matawi. Aprili 12, 1984, Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine alifariki dunia katika ajali ya gari akitoka Dodoma. Mwaka huo huo kitivo cha kilimo cha Morogoro kilifanywa kuwa chuo kikuu kamili na kupewa jina lake. Muhimbili ikawa chuo kikuu kishiriki mwaka 1991, na mwaka 2007 ikasimama yenyewe kama Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi. Mwaka huo wa 2007, Chuo cha Ardhi, kilichounganishwa na Mlimani mwaka 1996, nacho kikawa chuo kikuu. Mwaka 2005 vilizaliwa vyuo vya ualimu vya Chang'ombe na Mkwawa, Iringa, vikiwa chini ya chuo mama.

Nyerere hakuyaona mengi kati ya hayo. Aling'atuka urais Novemba 5, 1985. Aliacha nchi yenye uchumi uliochoka, iliyopigana vita na Idi Amin na kupanga foleni za unga na sukari, lakini yenye madaktari, wahandisi na wanasheria wake kwa maelfu. Aliacha pia taifa ambalo takribani watu tisa katika kila kumi walihesabiwa kuwa wanajua kusoma na kuandika.

Alirudi Butiama, akalima na kuandika. Aliendelea kutafsiri, na mwaka 1996 zilichapishwa tenzi zake za Injili. Katika miaka hiyo aliona pia msingi mmoja aliouweka ukibomolewa. Uchangiaji wa gharama uliingia vyuoni, na elimu ya juu iliyokuwa bure kwa mwanafunzi ikaanza kuwa na bei. Mwaka 2004, miaka mitano baada ya kifo chake, ilitungwa sheria iliyounda Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu. Tangu hapo deni la msomi kwa jamii, ambalo Mwalimu alilihesabu kwa utumishi, linahesabiwa kwa shilingi na kukatwa katika mshahara.

Baba wa Taifa alifariki dunia Oktoba 14, 1999, katika Hospitali ya Mtakatifu Thomas, London, kwa saratani ya damu. Alizikwa Butiama Oktoba 23. Mwaka 2005, Chuo cha Kivukoni, ambacho TANU ilikifungua mwaka ule ule wa 1961, kilipewa jina la Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kigoda cha taaluma za Umajumui wa Afrika kwa jina lake, na mshikaji wa kwanza wa kigoda hicho alikuwa Profesa Issa Shivji, yule kijana wa miaka ya 1960 aliyethubutu kuuliza iwapo Azimio lilikuwa limefika kweli.

Mwaka 2018 ilifunguliwa Mlimani maktaba mpya kubwa iliyojengwa kwa msaada wa China, na ghorofa zake huonekana kutoka mbali. Pale Lumumba, ilipoanzia safari, shughuli za chama zimeendelea kama kawaida, na wapita njia wengi hawajui kwamba mahali hapo palikuwa na darasa.

Waliolipa gharama ya darasa lile la kwanza walikuwa wakulima wasioweza kusoma ubao wake. Wengi wao wamekwishatangulia mbele ya haki. Chakula cha akiba cha kijiji kimekwishaliwa, na kijana aliyetumwa yu njiani. Swali alilowauliza Mwalimu wanafunzi wa mwaka 1966, kwamba mtarudi au hamrudi, bado linamngoja kila anayevaa joho la mahafali katika viwanja vya Mlimani.